Una keja Migori na broka anakusumbua uuze? Piga hesabu hizi kwanza

Kama uko na nyumba Oruba, Nyasare ama Kakrao, hiyo simu ya broka labda ushaipokea. Ako na mteja wa majuu, ganji iko mkononi, na jibu linatakikana kabla ya wikendi. Yeye anakuuliza bei. Swali lenye wewe unafaa kujiuliza ni tofauti: uuze sasa, ama ungoje?

Tuanze na vile mji ulifika hapa. Kabla ya ugatuzi wa 2013, wengi walijua Migori kama stage ya kupitia ukienda Isebania. Leo ni makao makuu ya kaunti yenye watu 1,116,436 kulingana na sensa ya 2019. Ofisi zilileta wafanyakazi, na wafanyakazi wanahitaji pa kulala. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata charter 2016. Ongeza biashara ya mpaka na Tanzania, na utaelewa mbona ploti zilianza kuwindwa.

Nani ananunua?

Hapa ndio wauzaji wengi hukosea. Wanasikia benki imepunguza riba, wanadhani bei ya nyumba itaruka. Kenya nzima iko na mikopo ya nyumba ya benki karibu 30,000 pekee. Migori mtu hununua na kesh, ama mkopo wa Sacco, ama pesa ya mtoto ako ng'ambo. Kwa hivyo usiangalie Benki Kuu pekee. Angalia mifuko ya watu wako.

Mfuko wa kwanza ni dhahabu. Bei ya dunia ilipita dola 4,000 kwa aunsi mara ya kwanza Oktoba 2025. Pesa ya Macalder na Nyatike haikai shimoni, huwa inatafuta ploti mjini. Shida ni kwamba dhahabu ikianguka, wanunuzi hao wanapotea haraka kama walivyokuja.

Mfuko wa pili ni miwa. Mwaka wa 2025 serikali ilikodisha kiwanda cha Sony pale Awendo kwa Busia Sugar Industry kwa miaka 30. Mkulima akianza kulipwa kwa wakati, utaona mabati mapya na mawe ya ujenzi hadi Rongo. Akikaa bila malipo, hata rent ya vijana wake itachelewa.

Mfuko wa tatu ni diaspora, na hapa broka wako huenda hakuambii kila kitu. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Tangu mwisho wa 2024 imekuwa ikicheza karibu 129. Mtu mwenye dola 30,000 alikuwa na shilingi milioni 4.8 wakati ule. Kwa 129, hizo hizo dola ni milioni 3.87. Amepoteza 930,000 bila kutoka kitandani. Ukisikia mteja wa majuu analia bei, si lazima iwe ni ujanja. Usiendelee kung'ang'ania bei ya 2024 ukidhani ni yeye mgumu.

Ukiuza, hiyo doh itafanya wera gani?

Chukua mfano. Keja yako inaweza kuuzwa milioni 4.5, na rent ni 18,000 kwa mwezi. Hiyo ni 216,000 kwa mwaka, kama asilimia 4.8 ya thamani. Mwaka wa 2024, bili za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Milioni 4.5 ingekuletea kama 720,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mtu aliyeuza wakati huo akaweka huko alikuwa na hesabu safi.

Lakini Benki Kuu, ambayo riba yake ilikuwa asilimia 13 Februari 2024, iliishusha hadi 9.5 kufikia Agosti 2025. Bili nazo zikashuka hadi karibu 8. Sasa toa kodi. Kama ulinunua na kujenga kwa milioni 2.5, faida yako ni milioni 2, na kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15. Hiyo ni 300,000. Unabaki na milioni 4.2. Asilimia 8 ya hiyo ni 336,000, na ikikatwa asilimia 15 ya kodi ya riba, mkononi unapata 285,600. Imeshinda rent kwa 69,600 pekee.

Ni kweli, nyumba ina gharama zake: paa linavuja, mpangaji anatoroka usiku. Lakini ardhi inaweza kupanda bei, bili haipandi. Kwa hivyo kuuza ili pesa ikae tu hakuna maana kubwa saa hii. Uza kama pesa tayari iko na kazi: karo, matibabu, deni linalokula riba kubwa, ama biashara unayoijua vizuri.

Tarehe inaweza kukuokoa laki tatu

Hii ndio wengi hawajui. Kodi hiyo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Lakini kama umeishi kwenye hiyo nyumba mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuihamisha jina, sheria inakuondolea. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani isiyozidi milioni 3 pia imeachwa nje.

Maana yake? Kama umepata kazi Nairobi na unapanga kuweka wapangaji "kwa muda" halafu uuze baadaye, kumbuka ukishatoka umeanza kupoteza huo msamaha. Kama moyo wako ushaamua kuuza, uza ukiwa bado unalala humo. Kwa mfano wetu, ni 300,000 inabaki kwako. Muulize wakili kabla ya kuhamisha kitanda.

Msimu pia una maneno yake. Desemba watu wanarudi ocha na bonasi, na wenye wako majuu wanaweza kuona nyumba kwa macho yao. Njaanuari ikifika ni karo, na wauzaji waliosota ndio wengi sokoni. Halafu kuna Agosti 10, 2027. Uchaguzi ukikaribia, wenye kesh huikalia waone upepo unaelekea wapi. Kama una sababu ya kuuza, panga ukamilishe kabla kampeni hazijachacha. Mambo ya hati huchukua miezi.

Hati iko kwa jina la nani?

Hakuna wakati mzuri wa kuuza kitu ambacho bado si chako. Kama hatimiliki iko kwa jina la mzee aliyefariki, anza na urithi kortini. Kuuza mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai, na mnunuzi atabaki na karatasi tupu. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzako lazima akubali, kulingana na sheria ya 2013. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya ardhi linafaa kuingia ndani ya miezi 6 ya makubaliano. Na usimwachie broka hati halisi, hata akuapie kwa mamake.

Mwisho, tuongee ukweli wa nyumbani. Mjaluo anajua tofauti ya *ot* na *dala*. Kesi ya S.M. Otieno mwaka wa 1987 ilionyesha Kenya nzima uzito wa hilo neno: jamaa alikuwa na nyumba Nairobi, lakini baada ya vita virefu kortini alizikwa Nyalgunga, Siaya. Keja ya mjini ni biashara, na kila hesabu hapo juu inaihusu. Dala ina makaburi, ina ndugu, ina watoto watakaouliza kwao ni wapi. Ikifika huko, usikubali kuharakishwa na mtu yeyote. Keti na familia yote, mama zenu na dada zenu wakiwemo, kabla ya kuongea na wakili.

Kwa keja ya mji, form iko hivi. Pesa iko na kazi, hati ni safi na bado unaishi ndani? Uza, na bei ukubali iwe ya leo. Huna deni, wapangaji wanalipa na sababu pekee ni simu ya broka? Mwambie asante, na uendelee kuchukua rent.