MVUA INAKUJA: MTARO NI WA NANI?



Kipwa kinakwisha. Tangu mwezi wa tano hatuoni mvua, na vumbi jekundu limeingia katika chungu, katika kitanda, hata katika kifua cha mtoto. Lakini tokeni kidogo nje ya Lubumbashi, kwa njia ya Kipushi ao ya Kasumbalesa, mutazame pori. Miti imekwisha kuvaa majani mapya, mekundu kama shaba, na mvua bado haijaanguka. Mti wa pori ya Katanga haungoji wingu. Unatoa majani kwa nguvu ya mizizi yake, katika joto kali la mwezi wa tisa na wa kumi, na mvua ikifika inaukuta tayari.

Na sisi watu, mvua itatukuta namna gani? Ndilo neno la leo.

Kila mtu mjini anajua mabadiliko ya siku hizi. Mama wanatafuta majembe yaliyowekwa chini ya kitanda tangu mwaka jana. Wanakwenda kukodi shamba pembeni ya mji, wanahesabu franga za mbegu na mbolea. Baba anapanda juu ya nyumba kuweka mawe juu ya mabati. Sokoni maembe yanaanza kuonekana, na masuku, na baadaye bowa na vinkubala. Makala inapanda bei, maana kamioni ikikwama katika matope, gunia linabaki porini. Unga nao utapanda, kwa sababu mahindi ya zamani yanakwisha na mapya hayajaiva. Umeme unakatika mara nyingi, kwani mwisho wa kipwa mito ya mabwawa yetu imepungua maji. Watoto wamerudi masomoni, na hata kama tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilisema masomo ya chini ni bure, daftari na viatu havikuwa bure.

Kuna wanaosema: hayo ni mambo ya nyumba, siasa ni kitu kingine, iko Kinshasa. Ndugu, wanakosea. Siasa ni bei ya unga. Siasa ni mtaro wa maji unaopita mbele ya mlango wako. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtaro uliojaa takataka unarudisha maji nyumbani mwako, na pamoja na maji unaleta kuhara, unaleta kipindupindu, unaleta mbu. Basi tuulize swali la kitoto: mtaro huu ni wa nani?

Wazee wa kambi wanajibu haraka. Wanasema: «Wakati wa Union Minière mtaro ulifagiwa kila siku. Posho ilitoka kwa saa yake. Nyumba zilipakwa chokaa.» Ni kweli, hatuwezi kukana. Lakini tukumbuke mambo yote, si nusu. Mtaro ulikuwa safi kwa sababu kampuni ilitaka mfanya kazi asiyeugua, kama vile mtu anavyotunza mashini yake. Na mashini haina ruhusa ya kusema. Mwezi wa 12 wa mwaka 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda na wafanya kazi wa Union Minière wakaacha kazi, wakaomba mshahara uongezwe. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Askari wakapiga bunduki. Watu makumi walikufa pale. Ilikuwa wakati wa mvua, kama huu unaokuja. Mtaro ulikuwa safi, na damu ikapita ndani yake. Anayelilia wakati ule alilie pia wale waliolala pale uwanjani.

Hatukupigania uhuru ili mitaro iwe michafu. Tulipigania uhuru ili mtaro uwe wetu, na anayeufanyia kazi atusikilize. Tarehe 30 ya mwezi wa sita 1960 ilikuwa katikati ya kipwa. Anga lilikuwa safi, hakuna wingu, na watu wengi walifikiri kwamba kesho yake kila kitu kitaota chenyewe. Lakini hakuna kinachoota katika kipwa kama mtu hakuteka maji.

Tazameni tena historia ya komini zetu. Mwezi wa 12 wa mwaka 1957, mara ya kwanza, watu weusi wa Elisabethville walipiga kura kuchagua washauri wa komini. Wanaume tu, mama waliachwa nyumbani. Ilikuwa kura ndogo, chini ya jicho la Mbelgiji, lakini ilikuwa kura ya mtaro, ya bomba la maji, ya njia, ya masomo. Je, tuliitumia kwa mambo hayo? Mara tu majina ya waliochaguliwa yalipotoka, tulianza kuulizana: huyu ametoka wapi? Ni mwenyeji ao ni mgeni? Mwaka uliofuata, 1958, vyama vikazaliwa juu ya swali hilo. Mwaka 1960 inchi ikakatwa. Na tulipofikiri kidonda kimepona, mwaka 1992 na 1993 kilifunguliwa tena, na watu wa Kasai, ambao wengi walizaliwa hapa hapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika gari ya moshi na mahema ya stesheni. Waliofukuza hawakupata kazi iliyo bora. Miaka ile ile Gécamines ilikuwa inaanguka, na mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wenyeji waliondoka. Wageni waliondoka. Njaa haikuuliza mtu kabila lake.

Maji ya mvua nayo hayaulizi. Yanaingia katika nyumba ya Mluba na ya Mubemba, ya Mlunda na ya Musanga. Basi na sisi tuache swali la «umetoka wapi», tuulize «umefanya nini na franga za komini».

Maana franga ziko, ndugu. Kila mfanya kazi wa mgodi aweke hesabu hii kichwani. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kampuni ilipe ushuru juu ya madini inayouza: kwa shaba sehemu tatu na nusu katika 100, na kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya lazima sana, sehemu 10 katika 100. Na ushuru huo unagawanywa hivi: katika kila franga 100, 50 zinakwenda kwa serikali kubwa, 25 kwa mkoa, 10 zinawekwa akiba kwa ajili ya wajukuu wetu, na 15 zinakwenda kwa komini, sekta ao usultani ambamo mgodi unachimbwa. Kumi na tano! Na inchi yetu ndiyo inayotoa kobalti kushinda inchi zote za dunia. Mahali palipo na mgodi mkubwa, 15 hizo si sarafu za kununua chumvi. Zinaweza kujenga mitaro ya mawe, dispensari, na visima.

Basi umekwisha kuona hesabu hiyo imebandikwa mlangoni pa komini yako? Umekwisha kuuliza? Wengi hatujauliza, kwa sababu tulifundishwa kwamba franga za serikali ni za mkubwa, na sisi kazi yetu ni kushukuru akitupa fulana.

Na wakubwa wanakuja lini? Wanakuja na mvua. Uchaguzi wa 2011 ulikuwa mwisho wa mwezi wa 11, wa 2018 tarehe 30 ya mwezi wa 12, wa 2023 tarehe 20 ya mwezi ule ule. Ndiyo majira ya inswa. Munajua inswa: mvua ya kwanza ikinyesha wanatoka kwa maelfu, wanazunguka taa, nyumba nzima inajaa kelele na furaha. Asubuhi unakuta mabawa tu mlangoni. Mwenye nyumba mwenye akili haangalii tu: anaweka beseni la maji chini ya taa, anawashika, anakaanga. Kura bila kuuliza hesabu ni kuwasha taa bila kuweka beseni.

Tusiseme pia kwamba hatari hii ni ya matope tu. Mwezi wa 11 wa 2025, mvua ikiwa imeanza, maji yenye asidi yalitoka katika kiwanda yakamwagika katika mitaa ya Lubumbashi, watoto wakapita ndani yake. Mwezi ule ule, huko Kalando katika Lualaba, wachimbaji wa mkono zaidi ya 30 walikufa daraja lao la mgodini lilipovunjika. Wakubwa walisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua. Lakini mtu aliyekatazwa kuingia, na nyumbani hakuna unga, atakula katazo? Katazo bila kazi nyingine si ulinzi. Ni njia ya mkubwa kunawa mikono.

Kwa hiyo, kabla ya mvua kubwa, tufanye mambo manne.

Moja: kila mtaa ufagie mtaro wake sasa, wote pamoja, bila kungoja burugumestre. Si kwa kumsaidia mvivu, bali kwa sababu mtoto atakayeugua ni wako.

Mbili: siku ile ile, watu wa mtaa wachague wanne ao watano, wanaume na mama, waende komini waulize kwa heshima na kwa maandishi: mwaka huu ile sehemu ya 15 ilikuwa kiasi gani, na imefanya nini? Wakijibiwa, majibu yasomwe mbele ya watu. Wasipojibiwa, kutojibiwa huko nako kusomwe.

Tatu: mwezi wa 12 wa 2023, baada ya miaka mingi ya kungoja, washauri wa komini walichaguliwa tena, ingawa ni katika komini chache, hasa za miji mikubwa. Penye washauri, tuwaite barazani. Pasipo nao, tudai kura hiyo ifanyike. Kura ya komini ni ndogo kwa jina, lakini ndiyo iliyo karibu na mlango.

Nne: wafanya kazi wa kampuni kubwa, wa kandarasi ya miezi mitatu, na wachimba kwa mkono, waache kudharauliana. Udongo ni mmoja, na ukianguka unafunika wote.

Wengine watasema: tumechoka, tangu 1960 ni maneno tu. Tunawaelewa. Lakini mama anayeshika jembe wiki hii hasemi kwamba mwaka jana mahindi yaliungua, basi halimi tena. Analima, kwa sababu mvua inakuja na haitamngoja.

Mvua inakuja, ndugu. Shikeni majembe, shikeni ufagio, shikeni na karatasi ya hesabu.

Mtaro ni wetu!