Sumaku si mchoro, walimu

Leo wasee nitaudhi walimu wa fizikia, na nitawaudhi nikiwa hapahapa Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa.

Kidato cha pili tulifundishwa kwamba waya ukipitisha stima unazungukwa na nguvu za sumaku. Ørsted aliliona hilo 1820, sindano ya dira ilipogeuka karibu na waya. Tukakariri mkono wa kulia: kidole gumba kinafuata stima, vile vingine vinaonyesha sumaku inavyozunguka. Nilichora mishale safi, nikapata maksi. Koili yenyewe sikuwahi kuishika.

Kiangazi kikaja, pampu ya nyumbani ikaanza kunguruma bila kuzunguka. Maji yako mtoni, nyanya zinakauka. Mimi niliyefika hadi chuo kikuu kabla ya kuacha, nilisimama tu nikiitazama. Fundi wa kuwaindi mota aliisikiliza kidogo, akasema, "Kijana, hiyo ni kapasita." Na ilikuwa kapasita.

Baadaye ndio nikaelewa. Koili kuu ikiwa peke yake inatoa sumaku ya kwenda na kurudi tu, haiwezi kuanzisha mota iliyosimama. Koili ya kuanzishia inapata stima kupitia kapasita, kwa wakati tofauti kidogo na ile kuu. Hapo ndipo sumaku inazunguka na kuivuta mota.

Huyo fundi hakumaliza shule. Lakini anajua akipunguza mizunguko ya waya, mota itavuta stima nyingi na kuungua. Sisi tunamwita jua kali, halafu mtu kama mimi anaitwa msomi. Msomi wa nini?

Najua mtasema shule hazina maabara. Sawa. Leta msumari, waya wa kopa uliofunikwa, betri za tochi na pini. Zungusha waya mara 20, hesabu pini zinazonasa. Zungusha 40, hesabu tena. Hiyo inahitaji maabara gani? Na kwa jua kali kuna mota zilizoungua zimelala tu. Omba moja, mwite fundi asubuhi moja, watoto waifungue.

Hapa watu wanakula kwa sababu pampu inazunguka. Mtoto wa Kiboko akipata A na bado ashindwe kujua kwa nini pampu ya mamake inanguruma, hajafundishwa sumaku. Amefundishwa kuchora.