Ada ya mtaalamu wa lishe haipunguzi kilo

Wafanyabiashara wa Rusumo wana kanuni moja wanayoiamini kuliko sheria za forodha: kitu cha bure hakithaminiwi. Mwezi uliopita niliisikia tena, ila safari hii mjadala haukuwa juu ya mahindi bali juu ya tumbo langu. "Mwalimu," alisema mama mmoja anayeleta mchele kutoka upande wa Tanzania, "si ulimlipa mtaalamu wa lishe? Mbona hukupungua? Au ulilipa kidogo?"

Swali lake ni la haki, nalo linatuhusu wengi. Sisi tuliosomea Karagwe na Ngara kabla ya kurudi Rwanda tulikulia mahali ambapo mtu kunenepa ilikuwa habari njema ya kuandikiwa barua. Leo tunakaa dukani au kwenye roli kutwa nzima, usiku tunakula chipsi na mishikaki, tunashushia soda. Kisukari kinatukuta tukiwa bado na watoto wa kusomesha.

Mwaka 2023 nilipimwa sukari ikaonekana iko mpakani, bado hatua moja ivuke. Nikamlipa mtaalamu binafsi faranga 60,000 za miezi 3 kwa mkupuo mmoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa askari kweli kweli. Kila andazi nililoliona niliona faranga zangu. Nikapungua kilo 4. Mwezi wa pili uchungu wa fedha ukaisha, kama karo ya shule inavyosahaulika stakabadhi ikishatiwa mfukoni. Kibaya zaidi, nikaanza kujiona nimeshatimiza wajibu wangu: si nimelipa? Miadi 2 ya mwisho sikwenda kabisa, kwa aibu ya kupanda mizani. Kilo zikarudi zote.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio dogo la watu 57. Kundi moja liliweka fedha zake amana: aliyefikia uzito aliopangiwa alirudishiwa na nyongeza juu, asiyefikia alizikosa. Kwa wiki 16 walipungua wastani wa kilo 6 hivi, wakati waliopimwa tu bila fedha hawakufika kilo 2. Fedha zao zilikuwa bado zinaweza kupotea kila siku. Zangu zilikuwa zimekwisha kwenda. Hata hivyo, miezi michache baada ya amana kukoma, baadhi ya kilo zilirudi, na tofauti kati ya makundi haikuwa tena ya kutegemewa.

Na ile kanuni ya Rusumo je? Magharibi mwa Kenya ilipimwa kwa vyandarua vya wajawazito, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Ila bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40 za Kenya, waliovichukua walipungua kwa kiasi cha asilimia 60. Nakubali, chandarua si mlo. Chandarua unakifunga mara moja, sahani inakujaribu mara 3 kwa siku. Lakini wale waliokosa chandarua hawakukosa kwa uvivu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka ushauri wa lishe utozwe ada eti ili watu wawe makini. Kigali, tangu mwaka 2016, zipo Jumapili zisizo na magari ambapo watu hufanya mazoezi na kupimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo. Ni jambo jema, ila kupimwa barabarani hakutoshi kama hakuna wa kukuuliza mwezi ujao. Mimi sasa nakwenda kituo cha afya kila mwezi. Silipii kupimwa. Muuguzi ni yule yule, daftari ni lile lile, na akinyamaza baada ya kusoma mizani najua nimekula nini. Kwa mwaka nimepungua kilo 3. Ni chache, lakini hazijarudi.

Nilimwambia yule mama aje Alhamisi tupimwe pamoja. Akacheka. Alhamisi asubuhi malori yanavuka, na kupanga foleni mpaka saa 6 mchana ni kupoteza mauzo ya siku nzima. Hiyo ndiyo ada anayotozwa yeye, na hakuna aliyemwandikia stakabadhi. Wanaopanga huduma hizi wangehamishia mizani karibu na soko, jioni, magunia yakiwa yameshafungwa. "Wakifanya hivyo nitakuja," alisema, "ila wewe ndiwe utapanda kwanza."