Geti Limeoza Chini? Usikimbilie Jipya

Kitale na Bungoma mvua hukaa miezi mingi, na geti la gari huoza kuanzia chini, pale matope yanaporukia. Fundi akiliona tu: "Hili tupa, nikutengenezee jipya." Mimi nasema ngoja kwanza. Kwaruza kutu, gonga fremu kwa nyundo. Kama chuma bado ni kigumu na fremu imenyooka, kata shiti ya chini pekee, chomelea nyingine, paka redoksaidi kabla ya rangi. Bawaba zikilegea badilisha bawaba, jamani, si geti zima! Lakini fremu ikishatoboka au kupinda, acha viraka; utamlipa fundi kila msimu.

Sasa pesa. Usimtumie fundi hela ya vyuma kwa laini yake. Nenda naye hadwea, ulipe mwenyewe kwa till ya duka, usome jina vizuri kabla ya kukubali malipo. Hapo pia utaona kama anabeba geji 16 mliyokubaliana ama 18, ambayo ni nyembamba ingawa namba ni kubwa. Ya ufundi, tuma nusu akianza, na nusu geti likishafunguka na kufungika mbele yako.