MGENI NJOO, LAKINI TUKUULIZE UTOKAKO

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huko Boito, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, mgeni alikuja na wenyeji hawakupona.

Mwaka 2008 Mmarekani mmoja, aliyejiita mtumishi wa Mungu, alifungua huko nyumba ya kulelea mayatima. Kumbe mwaka 1996, katika jimbo la Iowa, bwana huyo alikuwa amekiri mahakamani kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumnajisi. Mwaka 2017, siri ilipofichuka, alitorokea kwao. Mwezi wa Februari 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi 8 kwa kuwaharibu wasichana wanne wa nyumba ile.

Habari za Iowa zilikuwa zimeandikwa. Kama zilisomwa akaachiwa watoto, ni aibu. Kama hakuna aliyetaka kuzisoma, ni aibu kubwa zaidi.

Kijana wetu akitaka kazi ya ubawabu huambiwa kwanza alete cheti cha tabia njema cha polisi. Hupanga foleni, hutiwa wino vidoleni, hulipa ada. Hatulaumu jambo hilo. Twalaumu kwamba mlinda lango achunguzwe hivyo, na mtu wa ng'ambo mwenye fedha apokewe kwa nyimbo. Huo si ukarimu, ndugu zetu. Huo ni mabaki ya utumwa wa mawazo.

Wala tusijidanganye kwamba uovu huu huja kwa ndege tu. Wapo wakosaji miongoni mwa walimu wetu wenyewe, na ndiyo sababu mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi. Mwalimu mkuu amwambiaye mkosaji ahame kimyakimya hakumfukuza fisi. Amempeleka zizi jingine.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila mgeni atakaye kufanya kazi na watoto, kwa mshahara au kwa kujitolea, alete cheti cha polisi wa kila nchi aliyokaa. Uingereza hutoa cheti cha namna hiyo kwa ajili ya kazi za nchi za nje, basi jambo hili lawezekana. Pili, daftari la wahalifu lililoagizwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 lisomwe kabla ya mtu kuajiriwa, hata katika nyumba za wazee na walemavu wasioweza kujitetea. Tatu, cheti kisifanywe hirizi. Mwovu ambaye hajakamatwa ana cheti safi. Mtoto akisema, asikilizwe siku ile ile.

Wako watakaosema kwamba wafadhili watakimbia. Mwenye nia safi haogopi kuulizwa. Anayekimbia swali, na akimbie.

Nanyi wanachama, msingoje Serikali peke yake. Kama katika tawi lenu iko nyumba ya watoto, nendeni mkaulize: nani anailea, alitoka wapi, na huko alikotoka aliacha jina gani? Nchi isiyoweza kulinda mayatima wake bado haijajitawala.