Nilimdanganya Mtafiti Nikiwa Darasa la Tatu

Manze, acha niungame. Nikiwa darasa la tatu huko Kayole, mgeni alikuja shuleni na fomu. Tukaitwa nje mmoja mmoja. Akaniuliza, "Nyumbani mnaongea lugha gani?" Nikajibu bila kupepesa macho: Kiingereza.

Uongo mtupu. Mama alikuwa akinigombeza kwa Kikamba, baba anapokea simu kwa Kiluhya, mimi na mabeshte ni Sheng kutoka asubuhi hadi tuitwe kuoga. Kiswahili kilikuwa cha kuongea na mwenye duka. Kiingereza kwetu kilikuwa cha TV. Lakini mwalimu alikuwa amesimama hapo karibu, yule yule wa kuvisha watu kibao shingoni wakishikwa wakiongea lugha ya mama. Wewe ungejibu nini? Mgeni akaandika, akanipa penseli, nikarudi darasani. Hakurudi kutuambia alipata nini. Kwa hivyo mahali fulani kuna ripoti yenye mtoto wa Kayole anayeongea Kiingereza na mamake.

Sasa nikisikia ati "utafiti umeonyesha watoto wanajifunza lugha hivi", nauliza nani alikuwa amesimama karibu.

Sipingi kupima watoto. Uwezo walianza kwenda nyumba kwa nyumba hapa Kenya 2009, wakipima kama watoto wa miaka 6 hadi 16 wanaweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kazi poa. Lakini kipimo kinakuambia mtoto amekwama wapi. Vile anabeba lugha nne kichwani, hiyo anaijua yeye.

Juzi nilimpa mpwa wangu wa miaka 9 daftari, nikamwambia aulize marafiki zake swali langu: mnaongea lugha gani nyumbani? Akaniangalia hivi. "Anko, hilo swali ni mbaya. Uliza unaongea na nani, na ukikasirika unaongea gani." Akaenda na swali lake. Akarudi na beshte mmoja anayehesabu kwa Kiingereza, anaomba pesa kwa Kiswahili na kulia kwa Kidholuo. Fomu yangu ingempa kisanduku kimoja!

Na msiniambie watoto watacheza tu. Sheng ya Eastlands ilitungwa na profesa gani? Kule Nicaragua, watoto viziwi waliokusanywa shuleni Managua kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 walijitengenezea lugha ya ishara walimu wao wasiyoielewa. Ikabidi wataalamu waje kujifunza kutoka kwa watoto.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto 1990. Kifungu cha 12 kinasema mtoto asikizwe katika mambo yanayomhusu. Sisi tunapata sahihi ya mzazi, tunaona imetosha. Muulize mtoto kama anataka, na akikataa mwache akacheze. Wape watoto maswali wayararue kwanza. Mwalimu aende akanywe chai. Halafu rudi uwasomee ulichopata, wakukosoe. Sera inasema Gredi ya 1 hadi ya 3 wafunzwe kwa lugha ya eneo. Lugha ya eneo la Kayole ni gani? Mtaamua kwa majibu kama yangu?

Mpwa wangu bado anadai daftari lake. Anataka kuona nimeandika nini kuhusu beshte yake, na kama si hivyo alivyosema, anafuta.