Simu ya Fahari na Simu ya Kazi

Siku hizi mtu akiketi barazani huitoa simu mfukoni akailaza mbele yake, chapa ikiwa juu, ili wenzake waione. Zamani tukipimana kwa nasaba na kwa kauli. Sasa twapimana kwa kioo. Na mwenye simu ya vibonye, hiyo kabambe iitwayo mulika-mwizi, huificha kana kwamba kaiiba. Kwa maoni yangu, astahiliye haya ni yule wa kwanza.

Nilipokuwa Kitale niliingia mtaa wa Kipsongo, wanakokaa Waturkana wengi waliohama makwao. Kijana mmoja aokotaye vyuma chakavu alinionyesha simu yake, imefungwa mpira kiunoni. "Mzee," akaniambia, "hii hukaa na moto siku nne. Ile ya kioo kila jioni niipeleke kwa mwenye stima, na kuchaji ni pesa." Wasomi wangapi wa mjini wamepata kuifanya hesabu hiyo?

Wala kijana huyo hakukosa kitu. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007 iliundwa ipite katika laini yenyewe, si katika intaneti. Ndiyo maana hata leo shilingi 500 zikitoka Kipsongo kwenda Lodwar hufika vile vile, zikitumwa kwa kabambe au kwa iPhone ya laki na ushei. Na atakaye picha na barua za sauti, zipo Tecno na Itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, Uchina. Hao walitajirika kwa kutazama Mwafrika ana haja gani: laini mbili, betri ya kudumu, kamera iuonayo uso mweusi.

Mtaniuliza, je, kofia ya viua nayo tununue ya mashine kwa kuwa ni rahisi? Hasha! Kofia ya mkono ina miezi ya mtu ndani yake, na bei ni haki yake. Simu zote ni za kiwandani, ya fahari na ya kazi.

Ila urahisi nao una mitego. Mwaka 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia zaidi ya milioni moja, na waliopata hasara ni wanyonge waliodhani wamepata. Mtego wa pili ni mkopo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipotoka mwaka 2020 ulidai shilingi 20 kwa siku. Ni nani asiyezimudu? Lakini mkopaji asipolipa siku kadhaa, simu hufungwa. Kwa mtu wa kibarua, siku ya kukosa ishirini ndiyo siku anayongoja kupigiwa aitwe kazini. Deni hilo humfunga mdomo palepale penye njaa. Heri kabambe ya fedha taslimu, na kijisalio kikalishe watoto.

Basi uendapo dukani, kabla hujatoa pesa, bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya simu hiyo. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, mrudishie mwenyewe mali yake.